Mama Ritha Ameacha Wanga

Hivi wewe, mwanamke jirani yako akikwambia kwa mdomo wake mwenyewe, mchana kweupe, kwamba ameacha wanga, utaelewa nini?

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, hapo Chang'ombe, Dodoma. Mwanaidi alikuwa amechutama mbele ya karai, anageuza maandazi kwa kijiti. Upande wa pili wa ukuta, ukuta wenyewe unafika kifuani tu, alikuwa amekaa Paskalia, fundi cherehani, mke wa Methodi, anatia pindo sketi za shule za bluu. Mwanaidi alinyoosha mkono juu ya ukuta kama alivyonyoosha kila asubuhi kwa miaka kumi na moja, akampa maandazi mawili kwenye kipande cha gazeti. Paskalia akayatazama, akayarudisha.

"Asante, jirani. Nimeacha wanga."

Ukilisikiliza neno hilo vizuri, Kiswahili chenyewe hukusaidia. Wanga wa chakula ni huu, uliomo kwenye ugali na muhogo. Wanga wa watu ni hawa, wanaoruka na ungo. Lakini Paskalia hakusema huu wala hawa. Alisema wanga, akaendelea kukanyaga cherehani.

Mwanaidi aliepua karai. Akasogea ukutani, akashusha sauti.

"Uliingia lini, Mama Ritha?"

"Tangu mtoto. Si ndivyo tulivyolelewa? Nyumba nzima."

"Na bibi yako naye?"

"Bibi ndiye aliyezidi. Alikuwa hawezi kulala mpaka apate."

"Na Baba Ritha anajua?"

"Anajua. Yeye mwenyewe nimemwambia aache, hawezi."

Kufika adhuhuri habari ilikuwa imeshavuka barabara. Watu waliipokea vizuri. Kinamama wa kanisani kwake walimpa mkono Jumapili baada ya ibada, wakamwambia hongera, si wengi wanaotoka. Paskalia alidhani wanasema habari za chakula. Akawajibu kuwa wiki ya kwanza ndiyo ngumu, kichwa kinauma, na jioni unasikia harufu yake kwa jirani mpaka miguu inataka kwenda yenyewe. Wakatikisa vichwa. Mmoja alimwuliza kama wenzake hawamsumbui. Akasema mama mkwe anamsumbua sana.

Sababu ya kuacha ilikuwa magoti. Cherehani yake ni ya kukanyaga, yenye ubao wa mninga na droo mbili, moja haifunguki, na mwezi wa pili mwaka huo goti la kulia lilikataa. Akikanyaga linalia kama mlango. Muuguzi wa zahanati alimpandisha kwenye mizani, akatazama, akamwambia, "Mama, kilo mia na tatu. Magoti haya yanabeba watu wawili. Usipopunguza ishirini, hiyo cherehani utamwachia mwingine." Paskalia hakuwa na mwingine wa kumwachia. Cherehani ile ilimnunulia mabati, ikamsomesha Ritha, na ndicho kitu pekee nyumbani mle ambacho yeye alikikalia na watu wakamngoja.

Ritha, binti yake, alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu huko Chimwaga. Yeye ndiye aliyemfundisha. "Mama, wanga ndio unaokumaliza. Acha ugali, wali, chapati, maandazi, viazi, soda. Halafu unafunga saa kumi na sita. Unakula saa sita mchana na saa mbili usiku, basi. Katikati maji na chai kavu." Akamwandikia kwenye karatasi ya daftari, naye akaibandika ukutani kwa pini, juu ya tepu ya kupimia. Akawa anakula mayai, dagaa, mlenda, kabichi iliyokatwa nyembamba ikakaa mahali pa ugali, na parachichi linapopatikana.

Mwanaidi alimwuliza, "Unafunga, na Ramadhani imeshapita. Umesilimu, jirani?"

"Bado."

"Sasa unamfungia nani?"

"Mizani."

Mama mkwe wake, Bibi Anastazia, hakucheka. Alikuwa mzee mwembamba, mkavu, mwenye macho ya kuhesabu vijiko. Mama yake alimzaa baada ya njaa kubwa ya kina babu, ile iliyofanya watu wachemshe ngozi za vigoda, na alikuwa amekua na sheria moja: chakula hakimwagwi. Nyumbani kwa mwanawe hakijawahi kumwagwa hata punje. Mtu akishiba, sahani yake ilisogezwa kwa Paskalia. "Malizia, mwanangu." Akamalizia vya mume, akamalizia vya mkwe, vya mtoto, vya wageni wa Kondoa na Chemba waliokuja kufuata hospitali, na mwisho akakwangua ukoko wa sufuria amesimama. Miaka ishirini na sita. Watu walikuwa wakipita wanasema Methodi anamtunza mkewe, tazama alivyonenepa.

"Mke asiyekula kwenye nyumba yangu anawaambia watu nini?" aliuliza Bibi Anastazia.

"Anawaambia ameshiba, Mama."

Kilo ya kwanza ilitoka Ijumaa ya wiki ya pili, saa tano kasorobo asubuhi. Ilitokea kwenye kisigino cha kulia, pale ngozi inapopasuka wakati wa kiangazi. Ilikuwa na ukubwa wa pakiti ya sukari, rangi ya dona, na ya moto kidogo. Ilitulia karibu na kikanyagio kama inayopumzika, kisha ikajivuta uani kuelekea getini. Kuku waliipisha. Paskalia alikuwa na uzi mdomoni. Aliitazama mpaka ilipoinama kupita chini ya geti, akamalizia pindo. Aliposimama sketi yake ilikuwa imelegea kidole kimoja.

Ilikwenda Mtumba. Methodi ni dereva wa ofisi moja ya serikali huko, na kwa mguu ni mbali, hivyo ilimfikia kesho yake alasiri akiwa ndani ya gari, anamsubiri mkubwa wake atoke kikaoni. Jioni akarudi nyumbani, akavua viatu, akakaa.

"Mama Ritha, nimeletewa kilo."

"Imefika saa ngapi?"

"Saa tisa. Mkanda wa gari umegoma kufunga."

"Ya nini?"

Methodi alinusa mkono wake. "Wali. Wali wa harusi ya Erick, kule Kondoa. Nilisema nimeshiba."

"Ukasema nimalizie."

"Ndiyo." Akafikiri kidogo. "Leo kuna nini?"

Baada ya hiyo zikawa zinatoka kwa zamu, wiki nyingine mbili, wiki nyingine tatu, daima saa tano kasorobo, daima kisigino cha kulia. Hakuna iliyopotea njia. Tano zilimfuata Methodi na zilikuwa ugali mtupu. Bibi Anastazia aliletewa za kwake mkekani wakati anachambua mboga, na ya kwanza ilikuwa makande ya msiba wa mumewe. Kwa vile alikuwa hana nyama ya kuzipokelea, zilimkaa mabegani, akawa anatembea kama mtu aliyebeba ndoo. Ritha alipiga simu kutoka Chimwaga.

"Shikamoo, Mama. Mama, nimepokea kilo tatu za uji."

"Marahaba. Wa utotoni huo. Ulikuwa unautia mikono, unauacha."

"Zote zimekaa mashavuni. Na nina prezentesheni Jumatano."

"Utaongea hivyo hivyo, mwanangu. Mashavu hayazuii akili."

Nguo zao zilianza kubana, nao wakazileta kwa Paskalia azitanue. Yeye aliwatanulia. Alifumua suruali tatu za Methodi nyuma, akatia kipande cha kitambaa pembe tatu, akapiga pasi. Magauni yake mwenyewe aliyapunguza, na kile kitambaa alichokata kwake ndicho alichowaongezea. Kitambaa kilitosha sawasawa. Goti la kulia liliacha kulia wiki ya sita.

Kilo moja tu ilifanya ukaidi. Ilitoka, ikafika getini, ikasimama. Ikazunguka ua, ikanusa mlango wa Bibi Anastazia, ikanusa viatu vya Methodi, ikarudi miguuni kwa Paskalia. Yeye aliinama akainusa. Ilikuwa karanga. Karanga za kuchemsha alizonunua mwenyewe dirishani mwa treni, stesheni ya Saranda, akiwa na miaka kumi na tisa, hajaolewa, akazila zote hadi Dodoma bila kumpa mtu. "Wewe ni wangu," akaiambia, akanyanyua kisigino, ikaingia.

Shida ilikuja kilo moja ilipomfuata Mwanaidi. Hiyo ilikuwa ya pilau la Idi. Mwanaidi alikuwa akimpelekea sinia kila mwaka, na mtaa mzima ulijua ukarimu wake. Ila mwaka mmoja pilau lilikuwa limeshaliwa na wageni kabla ya kuvushwa ukuta, na lilikuwa na alama za vidole. Alidhani hakuna aliyejua. Sasa kilo imemkaa tumboni mbele, inanukia iliki na vidole vya wageni, na wateja wa maandazi wananusa. Akajifunga mtandio, akaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi.

"Alisema ameacha wanga," Mwanaidi akasema. "Hajaacha. Ametugawia."

Mjumbe, Mzee Bartolomayo, aliitisha kikao Jumamosi saa nne barazani kwake. Walikuja na viti vyao vya plastiki. Cha Bibi Anastazia kilipasuka mguu alipokaa, akaletewa benchi. Mzee Bartolomayo alisimama, akasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," wakaitikia. Naye alikuwa na nusu kilo ya chapati kwenye kidevu. Mwaka fulani alikwenda kwa Methodi kuhimiza mchango wa mwenge, akaandaliwa chai, akaacha nusu chapati akidai ana haraka.

"Mama Ritha," alianza, "kwanza tujue. Wanga unaousema ni wanga gani?"

"Wa kula."

"Wa kula watu?"

"Wa kula kwenye sahani, Mzee. Ugali."

Kikao kilinong'ona. Mwanaidi alitazama chini, kisha akatazama juu. "Sasa ugali gani unatoka kwa mtu unatembea?"

"Wenu," Paskalia alisema. "Kama kuna aliyeletewa kisicho chake, ajinuse, aseme."

Watu walijinusa. Hakuna aliyesema. Methodi alikohoa.

Bibi Anastazia ndiye aliyejibu, na hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza gunia likae wapi. "Mimi naona avirudishe kwake. Yeye ana mwili wa kubebea. Alishazoea. Sisi hatujazoea."

Watu wakaona ni neno la busara. Ikaamuliwa apikiwe ugali palepale, ale mpaka ashibe, kwa kuwa kilo zilitoka kwa njaa basi zitarudi kwa shibe. Mke wa mjumbe alisonga ugali wa uwele, mlima mzima, na mlenda pembeni, akauweka kwenye kigoda mbele ya Paskalia. Akamletea maji ya kunawa. Mvuke ulimpanda usoni. Usije ukadhani haukumwingia. Uwele ule alikuwa ameulilia wiki nzima, na mate yalimjaa akayameza mara mbili, watu wanaona koo linapanda na kushuka.

Hakunawa.

"Kula, Mama Ritha," mjumbe alisema.

"Nimefunga."

"Umefunga nini?"

"Magoti haya mawili. Mkinirudishia kilo zenu, cherehani inakufa. Ikifa, mniambie nani kati yenu atakuja kuikanyaga."

"Baba Ritha, mwambie mkeo ale."

Methodi alimwambia. "Mama Ritha, kula tu tumalize. Watu wana kazi zao."

"Na mimi nina sketi arobaini za shule," Paskalia alisema. "Nitakaa."

Akakaa. Alikunja mikono mapajani, mgongo wima, kama akaavyo kwenye cherehani. Ilipofika saa tano ugali uliacha kutoa mvuke. Robo saa kabla ya hapo kilo moja ilikuwa imetoka kisiginini mbele ya wote, ikapita katikati ya viti, kila mtu akainua miguu kuipisha, ikampanda Methodi kwenye goti ikaingia. Methodi alifungua kifungo cha suruali. Ilipofika saa tano na nusu ugali ulipasuka juu kama ardhi ya Bahi. Watoto waliitwa nyumbani. Mwanaidi alikumbuka unga wake aliouacha unaumuka, lakini hakutaka kuwa wa kwanza kunyanyuka. Nzi walikuja, wakatua kwenye mlenda, wakakwama.

Saa sita na ushei, adhana ya msikiti wa karibu ilipolia, Paskalia alifungua mkoba. Akatoa kikopo cha plastiki, na ndani yake mayai mawili ya kuchemsha na chumvi kwenye karatasi. Akanawa kwa maji yale yale aliyoletewa. Akamenya yai la kwanza polepole, akakusanya maganda kwenye kiganja asichafue baraza la watu, akachovya, akala. Kisha la pili. Watu wote wakamtazama mpaka akameza.

"Sasa nimefungua," alisema. "Na nimeshiba."

Mzee Bartolomayo alikuwa amewahi kusuluhisha mipaka, ndoa, na punda aliyekula kalenda ya chama, akajua kesi inapofika ukingoni. Akahukumu hivi: kilo zibaki zilipo, maana hazina mkono wa kuzivuta. Lakini Mama Ritha kasumbua nyumba kumi, hilo haliwezi kupita hivi hivi. Faini jogoo mmoja. Aliwe kesho baada ya ibada, nyumbani kwake, na ampike mwenyewe.

"Jogoo ninaye," Paskalia alisema.

Hakuna aliyesema habari ya zile sahani. Kikao kilifungwa kwa sala.

Jumapili alimchinjisha jogoo kwa mume wa Mwanaidi ili Mwanaidi aweze kula, akamnyonyoa, akampitisha motoni, akamkata. Firigisi akaitenga. Nyumba ile ilikuwa na desturi yake, kama nyumba nyingi: firigisi ni ya baba. Haikatwi, haigawiwi, inakaa juu kabisa ya bakuli lake, ili akifunua aione kwanza. Paskalia alikuwa ameziandaa tangu mwaka alioolewa. Alijua namna ya kuipasua kwa ncha ya kisu bila kutoboa mfuko wa mchanga, kuumwaga mchanga na vijiwe, kuivua ile ngozi ya njano kwa ukucha ikatoka yote kama soksi, kuisugua kwa chumvi na ndimu mpaka ikateleza. Alijua uzito wake kiganjani, na sauti yake ikigusa mafuta. Ladha yake hakuijua.

Watu walikuja wakiwa na nguo zao zilizotanuliwa. Ritha alikuja kutoka Chimwaga na mashavu yake. Prezentesheni ilikuwa imekwenda vizuri. Paskalia aliwapakulia ugali na mchuzi, na yeye akajipakulia bawa, shingo na mlenda, akavuta kigoda, akaketi nao. Hiyo nayo ilikuwa mara ya kwanza, lakini mchuzi ulikuwa mtamu na hakuna aliyeitaja.

Walikula kwa uangalifu mkubwa. Mzee Bartolomayo alifuta sahani kwa tonge la mwisho mpaka ua lililochorwa chini likaonekana. Mwanaidi alimumunya mifupa, akaimumunya tena. Bibi Anastazia, mabega yamemshuka, alikusanya punje za ugali kwa kidole, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyesema nimeshiba. Sufuria ilirudi jikoni haina hata ukoko.

Methodi alikuwa ameiacha firigisi mwisho, kama kawaida yake. Aliiuma katikati. Akaitafuna taratibu, macho nusu yamefumba, mkanda uko kwenye tundu la mwisho. Akameza. Halafu akaitazama ile nusu nyingine iliyobaki, na tumbo lake likamwambia hapana.

Mkono wake ukanyooka wenyewe. Haukumuuliza.

"Shika, Mama Ritha. Malizia."

Watu wote wakautazama mkono. Firigisi ilikuwa na alama za meno manne ya juu, imekatika vizuri, inang'aa mafuta.

"Pokea, mwanangu," Bibi Anastazia alisema. "Usimwaibishe mumeo mbele ya wageni."

"Hiyo haina wanga, jirani," Mwanaidi akasema, na alisema kwa wema.

Paskalia aliweka mfupa wa shingo pembeni mwa sahani yake. Akanawa mikono, akaikausha kwenye khanga, kidole kimoja kimoja. Mkono wa Methodi ulikuwa bado hewani, na mafuta yameanza kuteremka kuelekea kwenye kiwiko.

"Miaka ishirini na sita, Baba Ritha," alisema, "mimi nilikuwa naitaka nzima."